Maharage Katika Uwanja wa Shule

Shule ilipofungwa, kijiji kizima kilianza kuvaa zambarau. Fundi cherehani wetu alikuwa amenunua majora ya kitambaa cha sare mwanzoni mwa mwaka akitegemea wanafunzi wapya, na wanafunzi wapya hawakuja tena. Alikaa na kitambaa chake mpaka Julai, kisha akaanza kukishona kuwa kitu chochote alichoombwa. Ukawaona wazee wanakwenda kanisani na suruali za zambarau, watoto wachanga wamefungwa mgongoni kwa zambarau, na kinyozi ametundika pazia la zambarau mlangoni. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada yangu ya sosholojia, nikisubiri kazi ambayo haikuonyesha dalili ya kunitafuta. Nilicheka. Nilimwambia mama kwamba sasa kijiji chote kimeandikishwa kidato cha kwanza.

"Cheka," mama alisema. Yeye hakucheka. "Mdogo wako ataivalia wapi sare yake?"

Huo ulikuwa mwaka 2014. Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya vumbi itokayo Kasulu kwenda Kibondo, mahali ambapo asubuhi ukungu hukaa bondeni mpaka watu wanamaliza kunywa uji. Shule ilikuwa ya binafsi, ya sekondari, ya bweni na kutwa. Aliijenga mzee mmoja wa hapahapa aliyestaafu serikalini, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe kwa miaka. Watoto walikuja kutoka Kigoma mjini, kutoka Munanila kule karibu na mpaka wa Burundi, hata wachache wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, ambao Kiswahili chao kilichanganyika na Kifaransa na kuwafanya wasichana wetu wawaone watu wa maana sana. Kisha shule za kata zikaongezeka, wanafunzi wakapungua, mzee akafariki. Watoto wake wako Dar es Salaam. Walikuja kuzika, wakatazama majengo, wakaondoka, na kabla mwaka haujafika nusu tukasikia kwamba shule imenunuliwa na mfanyabiashara wa Kasulu anayetaka kuifanya ghala la maharage na mahindi.

Sikushangaa. Siku zile nilikuwa najivunia kutoshangaa. Chuoni nilijifunza kuuliza juu ya kila kitu nani ananufaika na nani anaumia, na jibu la hapa lilikuwa wazi. Waliouza wamenufaika, aliyenunua atanufaika. Waliobaki ni akina mama waliokuwa wakiuza maandazi kwenye uzio, muuza kuni, wenye maziwa, na mashine ya kusaga ambayo sasa iliwashwa siku za gulio tu. Na jioni zilikuwa zimenyamaza. Hilo sikulitarajia. Nilikuwa sijajua kwamba kelele za watoto wanaosubiri ugali ndizo zilizokuwa zikituambia kwamba siku imeisha.

Wanafunzi wa madarasa ya chini walihamia shule nyingine. Tatizo likawa kidato cha nne. Walikuwa wameshasajiliwa kufanyia mtihani wa taifa palepale, na ofisi ya elimu ikasema watafanyia palepale, mradi siku ya mtihani kuwe na chumba, madawati na mlango unaofungwa. Vikikosekana, wahamishiwe kituo kingine, huko Kibondo. Wenye uwezo walikwenda mijini kwa ndugu zao kusoma, wakisema watarudi Novemba. Wakabaki watoto wa hapa, wengi wasichana, na mmoja wao alikuwa mdogo wangu.

Kibondo hatuna ndugu. Wiki zote za mtihani angelala wapi, angekula nini? Na baba mdogo, aliyekuwa akitusaidia tangu baba afariki, alikuwa ameshasema kwamba huu ndio mwaka wake wa mwisho wa kusaidia, naye ni mtu anayesema jambo mara moja. Mdogo wangu alilijua hilo. Alikwenda shuleni kila asubuhi na sare yake imepigwa pasi, akaingia darasa lisilo na mwalimu, akakaa.

Mfanyabiashara alisema kwa mdomo kwamba wanaweza kutumia chumba kimoja mpaka atakapohitaji majengo. Atahitaji lini? Mvua zikishaanza kidogo, alisema, kabla hazijakolea, ili mafundi wapate maji ya kuchanganyia saruji na malori yaweze bado kupita. Kwa hesabu yangu hiyo ilikuwa Oktoba. Mtihani ulikuwa Novemba. Nilimweleza mama hesabu hiyo. Akaniuliza kama chuoni walinifundisha kuhesabu tu mpaka mahali pabaya.

Mama ndiye aliyemwendea mwalimu. Alikuwa kijana mrefu kutoka Tanga, aliyepangwa kufundisha hesabu na fizikia katika shule ya kata ya jirani na aliyekuwa amepanga chumba kijijini kwetu. Baridi ya kwetu ilimtesa. Alivaa koti hata saa sita mchana, na kila mtu alijua anafuatilia uhamisho. Nilimwambia mama hatakubali. Akakubali. "Nitapita jioni nikitoka kazini, mama," alisema. "Si mbali." Akaanza kupita, kila siku ya kazi, mikono ya koti imejaa chaki, na baada ya wiki kadhaa mdogo wangu akaanza kuzungumza kuhusu mikondo ya umeme wakati wa kuosha vyombo.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Kwetu watu hulimiana. Ukija shambani kwangu na jembe lako, mimi nitakuja kwako na langu. Siyo hiari na siyo wema. Mtu aliyekufanyia kazi humlipi kwa asante, kwa sababu asante ni ya aliyekupitishia chumvi. Wala humpi fedha, maana hapo utakuwa umemfanya kibarua. Unamrudishia kazi. Wahadhiri wangu waliita hiyo ujima, na waliifundisha kwa wakati uliopita, kama vile watu wa namna hiyo walikwisha kufa wote. Niliandika hivyo katika mtihani nikapata alama nzuri, ilhali mama yangu alikuwa bondeni analima shamba la jirani.

Jumamosi moja mwishoni mwa Septemba, mwalimu alifungua mlango akiwa na mswaki mdomoni, akakuta ua umejaa wanawake wenye majembe. Nilikuwa miongoni mwao, na jembe langu, kwa shingo upande.

"Mwakeye, mwalimu!" walimsalimia kwa pamoja.

Alitoa mswaki. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba," mama alisema. "Shamba liko wapi?"

"Shamba gani?"

"Lako."

"Mimi sina shamba, mama."

Wakatazamana. Mama mmoja, mwenye mtoto katika darasa lile, akauliza polepole kama anayezungumza na mgonjwa, "Huna kwa sababu liko kwenu Tanga, au huna kabisa?"

"Sina kabisa. Mimi ni mwajiriwa."

Nyuma yangu bibi mmoja akasema kitu kwa Kiha na wengine wakaziba midomo kwa khanga. Mwalimu akaniuliza amesema nini. Nikamwambia: "Amesema maskini, na alivyo mrefu."

Alicheka, kisha akaona kwamba hawaondoki. Aliwaambia kwamba yeye hawadai chochote, anafundisha kwa moyo tu. Nadhani lilikuwa neno baya kuliko yote ambayo angeweza kuchagua. Ndiyo kusema walikuwa wamekula jasho la mtu asiye na shamba, wiki baada ya wiki, na hakuna namna ya kulirudisha! Walisimama pale wakizungumza kwa sauti za chini. Nilisubiri waseme basi. Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba wangesema basi, na nilikuwa tayari nimeanza kufikiria chai.

Sikuona nani alitangulia. Nilichoona ni kwamba tulikuwa tunatembea, majembe begani, mwalimu akitufuata huku anafunga vifungo vya koti, na tulipovuka barabara tukasimama kwenye uwanja wa mpira wa shule.

"Mama," nilisema, "uwanja huu umeuzwa."

"Najua."

"Mwenyewe anajenga ghala. Malori yatapita hapa."

"Hapa hapa?"

"Yatapita wapi pengine?" Nilimwonyesha kama vile ni mgeni. Uwanja ulikuwa kati ya barabara na madarasa. Upande mmoja mtelemko, upande mwingine kijito. "Hakuna njia nyingine."

"Haya," alisema mama, akafunga khanga kiunoni.

Udongo wa uwanja ule ulikuwa umekanyagwa na miguu ya watoto miaka mingi. Jembe la kwanza liliruka kama limegonga bati. Walicheka, wakalirudisha. Walijipanga mstari mmoja kutoka kijitoni mpaka kwenye mtelemko, wimbo ukaanza, na majembe yakawa yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Nilikuwa nimeona kulima tangu nizaliwe. Lakini sijui kwa nini siku ile nilisimama. Pengine kwa sababu mahali palepale nilikuwa nimezoea kuona mpira na filimbi. Mstari ule ulipita katikati ya uwanja, ukapita duara la katikati, na nyuma yake ardhi ngumu ya kijivu ilikuwa inageuka kuwa nyekundu na kuvuta pumzi. Magoli mawili yalibaki yamesimama. Hakuna aliyeyagusa.

Mwalimu alichukua jembe akataka kuingia mstarini. Wakamnyang'anya.

"Ukijilimia mwenyewe, sisi tutakuwa tumefanya nini?"

Wanafunzi nao walitoka darasani, mdogo wangu mbele. Mama alimnyooshea kidole. "Rudini ndani! Hapa mnalimiwa nyinyi."

Basi mwalimu akasimama golini na koti lake, kama mlinda mlango aliyesahauliwa na timu yake, akiangalia watu wasiomjua vizuri wanamlimia shamba ambalo hakuliomba katika ardhi isiyo yake wala yao. Mchana matuta yalifika mpaka mstari wa goli. Mvua za kwanza ziliponyesha, tukapanda maharage ya njano. Kila nyumba ilitoa mbegu.

Nilimwambia kila aliyetaka kunisikiliza kwamba tutafukuzwa. Kwamba tumempa mwenye mali sababu ambayo hakuwa nayo. Jana alikuwa amewavumilia wanafunzi, kesho atawaona wavamizi. Hata sasa sioni kosa katika hoja yangu. Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Dada, kwa hiyo nisisome?" Akarudi kwenye fizikia yake, na usiku niliona kwamba ameinamia ukurasa uleule muda mrefu bila kuugeuza. Hoja zangu ndizo zilizokuwa zinamkosesha usingizi, si mfanyabiashara.

Maharage yaliota vizuri kuliko yalivyostahili. Mwalimu, ambaye mwanzoni alipita kando yake akitazama pembeni kwa aibu, alianza kufika mapema kabla ya kipindi. Alichuchumaa, akageuza majani, akaniuliza kama vitobo vile ni wadudu. Siku moja nilimkuta anawaeleza wanafunzi jambo la kipeo cha pili huku akiangalia dirishani kama mtu mwenye mbuzi huko nje. Habari za uhamisho sikuzisikia tena.

Lori lilikuja Oktoba, kama nilivyohesabu. Nilikuwa kwa kinyozi, nikaliona linapanda na mafundi wamekaa juu ya mifuko ya saruji, na mbele yake gari dogo la mfanyabiashara. Nilikimbia. Nilipofika, lori lilikuwa limesimama pale ambapo barabara inagusa uwanja, dereva amezima injini.

Mfanyabiashara alishuka. Alikuwa mzee mwembamba, kanzu nyeupe na kofia, mtu ambaye babu yake alifika Ujiji kutoka pwani na ambaye alinunua maharage katika wilaya zote hizi tangu ujana. Alitazama uwanja, akamtazama dereva.

"Pita."

"Kuna chakula, mzee," dereva alisema.

"Naona. Pita."

Dereva alikuwa Muha wa Kasulu, mtu wa makamo. Alitoa mikono yake kwenye usukani akaiweka mapajani. Nikajua kwamba lori halitapita, na mfanyabiashara naye akajua, nikaona sikio lake linakuwa jekundu chini ya kofia.

Akaingia uwanjani kwa miguu. Alikuwa amekasirika, fimbo mkononi, alikuwa anakwenda kubomoa na kufukuza, na ardhi ilikuwa yake kwa karatasi zote za dunia. Lakini nilitazama miguu yake. Ilitafuta nafasi kati ya matuta. Ilivuka shina, ikashuka, ikavuka shina jingine. Uwanja mzima aliupita hivyo, kwa hasira, bila kukanyaga hata haragwe moja. Ni kitu ambacho sikuwa na somo lolote la kukielezea, na mpaka leo sijalipata.

Akina mama walikuwa wameshatokea, sijui kutoka wapi. Alisimama mbele yao.

"Nani mwenye shamba hili?"

"La mwalimu," walisema.

Mwalimu alitoka darasani na chaki mkononi. Nyuma yake, kwenye dirisha, niliona uso wa mdogo wangu, na midomo yake ikitembea. Alikuwa anasali au anakariri kanuni, sikujua.

"Wewe ndiye umelima ardhi yangu?"

"Sikulima, mzee. Nimelimiwa."

"Uliwaomba?"

"Niliwakataza."

Mzee akawageukia akina mama. "Mlijua nimenunua?"

"Tulijua," mama alisema. "Ardhi ni yako, mzee. Hakuna anayeitaka. Maharage ndiyo yake. Ametusomeshea watoto, na yeye hana shamba. Tungemlimia wapi?"

"Mashamba yenu yameisha?"

"Bondeni kuna nyani."

Wengine wakaitikia kwamba, kweli, nyani wa mwaka huu hawana adabu. Mzee alitazama kilima chote, mashamba yaliyojaa kila upande. Kisha aliinama. Alishika jani la haragwe, akaligeuza, akapapasa shina kwa kidole gumba kama anavyopapasa mbegu sokoni.

"Mbegu gani?"

"Ya njano."

"Mmepanda karibu karibu mno."

"Mbegu zilikuwa nyingi, mzee. Kila nyumba ilileta."

Akakaa vile, ameinama, muda mrefu kidogo. Nikasikia kijito. Alipoinuka alimwambia mwalimu, siyo sisi: "Ukivuna, mimi ninaanza kesho yake. Nimesema kesho yake. Na uniuzie mimi."

"Ndiyo, mzee."

Akarudi kwa njia ileile, kati ya matuta yaleyale, akamwambia dereva, "Geuza gari."

Jioni ile nilimbana mama jikoni. Nilimwambia sasa nimeelewa. Walijua kwamba hapa kwetu hata mtu akiuza shamba, aliyepanda hungojewa avune. Walijua maharage ya Oktoba hayavunwi kabla ya mtihani. Walijua malori hayana njia nyingine, nilimwonyesha mwenyewe! Walimfungia mzee wa watu mlango kwa maharage.

Mama alikuwa anapepeta mchele. "Tulikuwa tunadaiwa kazi," alisema, "tukailipa."

"Na nyani?"

"Hujawaona?"

Niliwaona. Walikuwepo kweli. Hilo ndilo lililoniudhi.

Novemba walikuja wasimamizi wa mtihani na askari mwenye bunduki. Wale waliokwenda mijini walirudi. Chumba kilikuwepo, madawati yalikuwepo, mlango ulifungwa. Lakini mvua ilikuwa imeleta magugu, na maharage yalikuwa yanakaribia kutoa maua. Yakisongwa na magugu yatakufa, na yakifa mzee hana sababu ya kungoja hata siku moja. Yalihitaji kupaliliwa katika wiki zilezile za mtihani.

Askari aliwakuta akina mama asubuhi wamesimama kando ya uwanja. Aliwaambia ni marufuku kukaribia. Mama alimweleza. Askari, naye mgeni kutoka mkoa mwingine, akatazama maharage, akatazama chumba.

"Nikisikia sauti moja," alisema, "mnaondoka wote."

Kwetu hakuna mwanamke anayelima akiwa kimya. Wimbo ni sehemu ya jembe. Siku ile waliacha majembe barabarani, kwa sababu chuma hugonga kokoto, wakaingia kwa mikono. Walichuchumaa kila mmoja katika tuta lake wakaanza kung'oa. Niliingia nami. Nilisikia magugu yanavyotoka ardhini, mlio mdogo kama wa kitambaa kinachochanwa mbali. Nilisikia kalamu inaanguka darasani. Bibi yule aliyemcheka mwalimu alikuwa tuta la jirani. Kikohozi kilimjia, akajiziba kwa khanga mpaka machozi yakamtoka, akasubiri kipite, akaendelea. Wanawake wa kijiji kizima, na migongo ya zambarau imetapakaa katika kijani, na hakuna aliyesema neno. Niliwahi kuingia makanisa makubwa na kumbi za chuo. Sijawahi kuwa mahali penye ukimya wa namna ile. Niliogopa kuinua kichwa.

Walikuja hivyo kila siku ya mtihani, mpaka magugu yakaisha, na yalipoisha wakaendelea kuja, wakawa wanagusa tu majani.

Siku ya mwisho mdogo wangu alitoka na sare yake, akapita kati ya matuta mpaka alipokuwa mama. Mama alimtazama, akauliza kwa nyusi. Mdogo wangu alichuchumaa kando yake akatafuta gugu la kung'oa, akalikosa.

"Jamani," askari alisema kwa sauti kutoka mlangoni, "umekwisha. Mnaweza kuzungumza sasa."

Hakuna aliyeanza. Ni kama tulikuwa tumesahau. Kisha bibi akakohoa, kikohozi kirefu cha wiki zote zile, na uwanja mzima ukacheka.

Mwalimu alivuna mwanzoni mwa 2015. Alimwuzia mzee, kama alivyoahidi, na akabakiza gunia la kula. Kesho yake lori lilikuja, na safari hii lilipita. Nilikwenda kuangalia, nikidhani nitaangalia peke yangu. Niliwakuta akina mama wamejipanga mbele ya madarasa na ndoo za maji, karai, nyundo za kuazima, mama yangu na mdogo wangu miongoni mwao.

Mfanyabiashara alishuka garini akarudi nyuma hatua. Nadhani alifikiri ni maandamano.

"Nani kawaita?"

"Hakuna aliyetuita."

"Mafundi ninao. Sina kazi ya kuwapa."

"Sisi ndio tunakudai?" mama alisema. "Wewe ndiye unayetudai, mzee. Ulingoja msimu mzima."

"Kungoja siyo kazi, mama yangu."

"Kwako uliona rahisi?"

Akavua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa tena. Sikuona furaha usoni mwake. Niliona mtu anayeogopa kidogo, kama nilivyokuwa ninaogopa mimi, aliyefika mahali akifikiri amenunua majengo.

Basi wakafanya kazi. Wakachota maji ya saruji kutoka kijitoni. Wakabomoa kuta kati ya chumba na chumba ili pawe ghala, pamoja na ukuta wa darasa lile, na sasa wimbo uliruhusiwa. Matokeo yalikuwa hayajatoka. Tulikuwa tunavunja chumba bila kujua kimetupa nini. Mdogo wangu alifaulu, naliandika hapa ili msomaji asibaki na wasiwasi kama mimi, lakini siku ile hakuna aliyejua, na mikono haikupungua nguvu kwa kutojua.

Nilikuwa nimesimama tu. Swali langu la nyani, la maharage, la nani alipanga nini, lilikuwa bado kinywani. Kama waliupanga ujanja, mbona wanaulipia? Na kama hawakuupanga? Nilimtazama mama nikataka kuanza.

Alinitwika karai. Lilikuwa limejaa matofali yaliyovunjika, na juu kabisa kilikaa kipande cheusi cha ubao wa ukutani, chenye nusu ya hesabu ya mwalimu kwa chaki.

"Beba, msomi," alisema. "Wenzako wanangoja njia."